Milimita Nne

Cēsis, mwezi wa pili, theluji imefika dirishani.
Bibi Velta Strautmane ananyooshea rafu ya jikoni
ncha ya mwiko, kama anayemshtaki mtoto:
"Imenuna. Tazama mdomo wake."

Natazama. Kweli imenuna.
Ubao wa msonobari, sentimita mia na ishirini,
unene sentimita mbili,
umelazwa juu ya vigingi viwili, na katikati
hauna wa kuushika ila mvuke wa supu.
Juu yake mitungi ya kioo, safu mbili, kumi na mbili kila safu:
matango ya siki, mapea, plamu,
na boga lililokatwa vipande vidogo vya njano.

Napima mmoja kwenye mizani yake ya unga.
Kilo moja na nusu. Yote, basi, thelathini na sita.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
lakini ubao hauna methali.
Una unene tu.

Napiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Unene, namwambia, ndio rafiki:
uzidishe mara mbili, mpindo unapungua mara nane.
Adui ni urefu. Uurefushe mara mbili,
uujaze mitungi vilevile hadi mwisho,
mpindo unakurudia mara kumi na sita.
"Kumi na sita?"
"Kumi na sita."
Anacheka. "Kama deni la benki."

Jibu langu: milimita tano na ushei.
Navuta uzi ncha hadi ncha, nasimamisha rula katikati.
Tisa.

Nahesabu tena: tano.
Napima tena: tisa.
Imants, aliyenifundisha kushika randa,
angejibu bila kutoa sigara mdomoni: miaka.
Mti uliotwishwa haukomi pale ulipopinda siku ya kwanza.
Unaendelea kushuka usiku, nyumba imelala,
upana wa unywele, kisha unywele mwingine,
na ukiutua mzigo leo
hautanyooka wote.

"Tuweke kigingi cha tatu," nasema, "hapa katikati."
"Hapana. Hapo chini ndipo anapokaa Visvaldis.
Ni mrefu. Kitampasua kichwa."
Kiti kipo. Mto wa kiti upo,
umebonyea kuliko rafu.
Sisemi kitu.

Tunashusha mitungi mmoja mmoja hadi sakafuni,
naubeba ubao hadi kwenye mwanga,
na tumboni mwake, kwa penseli ya seremala:
*Mitungi 18. Milimita 4. V.S., Oktoba 1988.*

Bibi anatafuta miwani. Anasoma, anasoma tena.
"Alikosea?"
Sauti yake nyembamba, kama ya mtu
anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua.

Narudi kwenye bahasha.
Kumi na nane ni robo tatu ya ishirini na nne;
robo tatu ya tano na ushei...
"Hakukosea. Nne kamili.
Ila hii sita iliyozidi, sijui ilitoka wapi."

Anainama, anaitenga kwa mguu, taratibu,
sita za mapea, vifuniko vimeshika kutu.
"Vuli ile nilipika kama kawaida.
Yeye akawa hospitali."
Basi. Anaifuta vumbi kwa aproni.

Tunaugeuza ubao, mgongo chini, tumbo juu,
ili miaka ijayo iurudishe ulikotoka.
Mwandiko wa Visvaldis sasa unatazama dari.
Kabla ya kupanga, Bibi ananipa penseli:
"Andika na lako."

Naandika: *Mitungi 24.*
Nasita. "Hesabu ya leo, au ya miaka?"
"Ya miaka."
"Mingapi?"
Ana themanini na moja. Ameshika mtungi kila mkono.
"Fundi ni wewe," asema. "Kadiria."

Mkono unataka kuandika saba.
Naandika kumi na mbili.